Siku usipokuwepo, duka lako linajua nini?

Leo naongelea kitu kilichonitoa hela.

Nauza viatu vya kike mtandaoni. Mwaka jana niliumwa siku nne, simu ya oda nikamwachia mdogo wangu. Kupona nakuta pea mbili zimeshapanda basi kwa mteja aliyetuma skrinishoti ya muamala. Kuangalia laini ya malipo, hakuna kitu. Mteja mwingine katumiwa namba 38, inambana, anataka hela yake.

Nilitaka kumgombeza dogo. Halafu nikajiuliza, nani alimwambia? Kwamba skrinishoti siyo malipo, nilijua mimi. Kwamba vile vya kamba vinakuja vidogo, nilijua mimi. Vyote vilikuwa kichwani kwangu.

Nilichofanya ni hiki:

1. Fuata njia ya oda. Niliandika hatua kwenye daftari: kuulizwa, kupima saizi, kulipwa, kufunga, kutuma, kubadilisha. Kila hatua ina mambo matatu: nani anafanya, anaangalia nini, asiendelee mpaka nini. Mfano: "Malipo anathibitisha dada. Mpigie akutajie jina na kiasi. Asipopokea, mzigo unasubiri."

2. Maelezo yakae pale kazi inapofanyika. Ya kufunga mzigo nimebandika ukutani, juu ya mifuko. "Vinabana, ongeza namba moja" nimeandika kwenye boksi lenyewe. Majibu ya wateja yako WhatsApp Business, kwenye majibu ya haraka: ukiandika alama ya / yanatokea. Na kila chati ina lebo: hajalipa, amelipa, imetumwa.

3. Kosa likitokea, rekebisha daftari siku hiyohiyo. Bei ya zamani iliyoandikwa ni hatari kuliko bei isiyoandikwa, maana mtu anaiamini.

4. Jaribu. Mpe msaidizi oda moja, wewe kaa kimya. Kila atakapokuuliza, ujue hapo daftari lina tundu. Dogo naye alijaza la kwake: wateja wa mikoani wanauliza sana basi linafika saa ngapi. Mimi nilikuwa sijaliandika kabisa.

Usianze na yote. Anza na hatua iliyowahi kukula hela.

Wewe dukani kwako kuna kitu gani unakijua peke yako? Kiandike leo kabla hujalala.