Somo la Afya: Njia ya Kumfikia Mgonjwa wa Shamba

Mwezi huu twataka kujifunza neno liwapasalo watu wote, wa mjini na wa shamba: matibabu yawafikieje wote sawasawa, wala si wale tu wakaao karibu na hospitali? Mfano wetu twautwaa Unguja, maana huko neno hili limejaribiwa kwa njia mbalimbali, nasi twaweza kuona lililofaa na lililopungua.

1. Nyumba ya pwani

Mtu afikaye Mji Mkongwe kwa chombo huiona pwani ya Mizingani nyumba kubwa yenye roshani za mbao zilizotiwa nakshi. Aliyeianzisha ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyepata kuwa mkuu wa forodha. Mwaka 1887 aliweka jiwe la msingi, akikusudia iwe hospitali ya maskini. Hakuiona ikimalizika, kwani alifariki mwaka 1891. Mjane wake akaiendeleza kazi, ikaisha mwaka 1894. Walakini mwaka 1900 nyumba iliuzwa. Chini pakawa dispensari, na juu wakakaa wapangaji. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ikachakaa, hata ilipotengenezwa upya katika miaka ya 1990, nayo haikurudia kuwa mahali pa matibabu.

Twajifunza nini hapa? Sadaka ya tajiri ni njema, na wengi waliponea mlango ule. Lakini kazi iliyosimama juu ya mfuko wa mtu mmoja huyumba afapo mtu huyo. Tena, hata kama nyumba ingalidumu, mgonjwa wa Makunduchi angalikuwa mbali nayo vile vile.

2. Bure, walakini mbali

Baada ya mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza matibabu bila malipo, na vituo vya afya vikajengwa vijijini. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, maana umaskini haukuwa tena kizuizi mlangoni. Lakini kuondoa malipo si kuondoa njia. Toka Makunduchi mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja ni kilometa zipatazo 60. Mama wa kisiwa cha Tumbatu apatwapo na shida kubwa ya uzazi usiku, hana budi kutafutiwa chombo cha kumvusha mpaka Mkokotoni, kisha gari. Mwenzake wa mjini huenda kwa miguu. Wote wawili wameambiwa matibabu ni bure. Je, wamepata sawa?

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, walieleza ya kuwa mama wazazi hufa kwa sababu ya kukawia kwa namna tatu: kukawia kukata shauri la kwenda, kukawia kufika, na kukawia kutibiwa baada ya kufika. Wazee wetu husema, "Kawia ufike." Methali hii yafaa kwa msafiri, lakini kwa mama atokwaye na damu haifai hata kidogo.

3. Jirani abishaye hodi

Tangu mwaka 2011 ulianzishwa Unguja na Pemba mpango wa uzazi salama, ambao chama cha D-tree, kisichotafuta faida, kiliufanya pamoja na Wizara ya Afya. Katika mpango huo mhudumu wa kijijini alimwendea mja mzito nyumbani kwake. Pamoja na mume na jamaa walikata shauri mapema: atazalia wapi, fedha kiasi gani ziwekwe akiba, na dereva gani ataitwa usiku. Tazameni hekima yake: shauri lililokwisha kukatwa mchana halisumbui tena usiku wa manane.

Kazi hiyo ikakua, ikawa mpango wa serikali uitwao Jamii ni Afya, na kufikia mwaka 2021 ulikuwa umeenea katika wilaya zote 11 za Zanzibar, ukiwa na watu wa kujitolea zaidi ya 2,000. Mtu hao huwazuru waja wazito na watoto wa chini ya miaka mitano, na simu aliyo nayo humwongoza maswali ya kuuliza na dalili za kuangalia. Aonapo hatari, humpeleka mgonjwa kituoni. Hapa si mkono wa mmoja ufanyao kazi, bali serikali, chama, sheha na wanakijiji pamoja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

4. Yaliyosalia

Tusidhani kazi imekwisha. Jirani huyu aweza kupunguza kukawia kwa kwanza na kwa pili. Kukawia kwa tatu hakumo mikononi mwake: akimfikisha mama mahali pasipo dawa, wala damu, wala mkunga, safari imekuwa bure, na mara nyingine watu hawatamsikiliza. Kwa hiyo wanakijiji wanaomwitikia jirani wanayo haki ya kuwauliza wakuu habari za kituo chao.

Nasi tusomao yatupasa kujua dalili za hatari kwa mja mzito: kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa pamoja na macho kuona giza, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, na mtoto kutocheza tumboni. Ionekanapo hata moja, asingojewe mume arudi safarini, wala kusikuche kwanza. Apelekwe papo hapo.

Walimu wausomapo ukurasa huu mbele ya watu, na waulize hivi:

(a) Kwa nini hospitali ya bure yaweza bado kuwa mbali na maskini?
(b) Katika kijiji chetu, ni kukawia gani kwa namna zile tatu kunakodhuru zaidi?
(c) Nani miongoni mwetu ana mja mzito nyumbani? Je, dereva amekwisha kujulikana, na akiba imekwisha kuwekwa?

Swali la tatu lisijibiwe kwa maneno tu. Kila mwenye nyumba na alijibu kwa kutenda kabla ya mwezi huu kwisha.