Ufalme Huanguka, Jirani Hubaki

JUMATANO

Soma: Ezra 1:1–11, Danieli 2:36–45, Danieli 6:1–3, Kumbukumbu la Torati 19:14.

Alasiri moja ya Sabato mjini Same, mwanafunzi wa kidato cha tatu alimwendea mwalimu wake wa shule ya Sabato akiwa na daftari la historia. Alipewa insha: himaya ikishaanguka, nchi zilizokuwa chini yake ziishije na jirani zao? Alikuwa ameandika sentensi moja tu: mwenye nguvu huchukua kilichobaki.

“Mwalimu, si ndivyo ilivyo?” aliuliza.

“Mwanangu, kabla hujaendelea, fungua Ezra,” mwalimu alijibu.

Soma Ezra 1:7–11. Koreshi alifanya nini na vyombo ambavyo Nebukadneza alivichukua Yerusalemu? Kwa nini jambo hili ni la maana?

Babeli ilianguka mwaka 539 K.K. Kwa desturi ya washindi, hazina yake yote ilikuwa mali ya Koreshi, pamoja na vyombo vya hekalu. Lakini hakuvihesabu kuwa nyara zake. Viliorodheshwa, vyombo 5,400, vikakabidhiwa kwa mkuu wa Yuda virudishwe. Kosa lilitendwa na ufalme uliokwisha kufa, ila aliyerithi nafasi yake aliambiwa na Mungu wa mbinguni kulirekebisha. Danieli naye, aliyetumikia Babeli kwa uaminifu, alionekana mwaminifu vilevile chini ya watawala wapya (Dan. 6:1–3). Serikali ilibadilika, wajibu wake kwa Mungu na kwa watu haukubadilika.

Milima ya Upare imeona jambo kama hilo. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mpaka uliotoka mto Umba hadi Ziwa Jipe, chini ya Upare ya Kaskazini, kisha ukazunguka Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini. Wenyeji hawakuulizwa. Watu wa Taveta na wa Upare, waliokuwa jirani siku zote, wakawa chini ya bendera mbili.

Mwaka 1903 wamishonari Waadventista kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walianza kazi Upare katika kituo walichokiita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Miaka 13 baadaye, mwaka 1916, majeshi ya Uingereza yalishuka kufuata reli ya Tanga na Moshi, na utawala wa Wajerumani ukakoma. Wamishonari Wajerumani waliondolewa. Je, kanisa liondoke pamoja na bendera iliyokuwapo lilipoletwa? Halikuondoka. Waumini wenyeji waliendelea kukusanyika. Mwaka 1922, milima ikiwa tayari chini ya Waingereza, Agano Jipya la Chasu lilichapishwa, kazi iliyofanywa na Mjerumani, Ernst Kotz. Neno la Mungu halikutupwa kwa sababu ya taifa la mfasiri wake.

Soma Kumbukumbu la Torati 19:14. Amri kuhusu alama ya mpaka wa jirani inafundisha nini kwa mataifa?

Tarehe 9 Desemba 1961 utawala wa Uingereza nao ulikwisha. Tanganyika ilirithi mikataba ambayo haikuiandika. Serikali ya Julius Nyerere haikuitupa yote, wala haikukubali kufungwa nayo yote milele. Mikataba ambayo Uingereza iliifanya na nchi moja moja kwa niaba ya Tanganyika ingetimizwa kwa miaka miwili, mradi upande wa pili nao utimize, na katika muda huo kila mmoja upimwe. Kwa hiyo mwaka 1962 Tanganyika ilitangaza kwamba haifungwi na mapatano ya mwaka 1929 ya maji ya Nile. Mwaka 1964, huko Kairo, nchi huru za Afrika ziliahidi kuheshimu mipaka iliyokuwapo zilipopata uhuru. Mipaka hiyo haikuwa ya haki, lakini kuisogeza kwa nguvu kungemwaga damu ya jirani.

Hata hivyo, jirani hukosana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa kwa zaidi ya miaka sita. Ulifunguliwa Novemba 1983, na mwaka 1984 nchi tatu zilitia sahihi mjini Arusha mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya. Kila mmoja alipaswa kukubali kubeba sehemu ya deni. Mwaka 1999 zilitia sahihi mkataba wa Jumuiya mpya.

Mwanafunzi alinyamaza kidogo. Bibi yake mzaa mama anaishi Taveta. “Na kama mwenye nguvu hataki kurudisha, Mwalimu?”

“Wengi hawataki,” mwalimu alikiri. “Ndiyo maana Danieli 2 haimalizikii kwenye miguu ya chuma na udongo. Lakini anayeusubiri ufalme wa Mungu huanza sasa kurudisha kisicho chake.”

Soma Danieli 2:44. Tumaini la ufalme usioangushwa halitupi ruhusa ya kumpuuza jirani. Raia wa ufalme huo hujulikana mapema kwa namna anavyotenda falme za dunia zinapobadilika.

Maswali ya Kujadili:

1. Je, ni haki kumdai mrithi deni la aliyemtangulia? Linganisha Koreshi na mgogoro wa shamba katika ukoo.

2. Ni ahadi gani za zamani zinazopaswa kutimizwa, na zipi zinazopaswa kupimwa upya? Utatofautishaje?

3. Imani yako imefungamana na nini ambacho kinaweza kuanguka: serikali, kiongozi, au msaada wa kutoka nje?

4. Kuna kitu cha jirani kilichokufikia kwa mikono ya wengine? Utakirudishaje juma hili?