Somo: Kutambua Wadudu Wanaokaa Ndani ya Kome

Katika mito Lualaba na Luapula mna kome, mnyama laini asiye na kichwa, anayekaa ndani ya makombe mawili. Kutwa anavuta maji, anashika chakula chake humo, na maji yanatoka safi. Lakini wadudu wengine wanafanya nyumba ndani yake. Jifunze kuwatambua, usitupe kilicho chema.

Namna ya kufungua. Twaa kome mzima: ukimgusa anajifunga upesi. Ingiza kisu chembamba kati ya makombe, ukate nyama mbili zinazoyafunga, moja mbele, moja nyuma. Umweke katika sahani nyeupe yenye maji ya mto ule ule, kisha utazame juani.

Mambo ya kutazama:
1. Kidudu kama kupe mdogo sana, mwenye miguu minane, anatembea katika matamvua, ndipo kome anapovutia pumzi. Huyu ni kupe wa maji.
2. Mdudu bapa anayeshika kwa mdomo na kwa mkia, akitembea kwa kujikunja na kujinyosha. Huyu ni ruba.
3. Penye moyo, karibu na maungio ya makombe: mnyoo mfupi, na chini ya tumbo lake kishikio kikubwa chenye vyumba vyumba. Kioo cha kukuza kitakusaidia.
4. Mahali pa mayai pamejaa nyuzi au vifuko vyeupe. Hao ni watoto wa minyoo bapa. Kome huyu pengine hatazaa tena.
5. Kijiwe kinachong'aa: ni lulu. Kome hufunika hivi kitu kilichomwingilia, pengine mnyoo.

Usikosee. Matamvua yakivimba na kujaa chembe kama vumbi, usiseme ni ugonjwa. Huyu ni mama, na chembe ni watoto wake. Wakitoka wanajishika juu ya samaki, wanaishi kwake siku kadhaa, kisha wanashuka mchangani. Basi, ukimaliza samaki, kome nao wataisha. Mama huyo umwache mtoni.

Hatari iko wapi? Kichocho hakitoki kwa kome. Kinatoka kwa konokono wa maji, mwenye kombe moja lililozunguka, akaaye penye majani na maji ya polepole. Lakini mwenye kutafuta kome huingia maji yale yale! Usiwaache watoto humo, zaidi saa za jua la katikati. Mtoto akikojoa damu, mpeleke lopitali upesi, dawa iko.

Tena, moto unaua wadudu, lakini hauondoi shaba wala kobalti. Ziwa Tshangalele, chini ya Likasi, limepokea maji ya viwanda, na madini hayo yameonekana katika matope yake. Kome wa maji ya namna hiyo usimle.

Maulizo:
Kupe wa maji ana miguu mingapi?
Utamjuaje mama mwenye watoto?
Kichocho kinatoka kwa mnyama gani?