Kulisha Samaki wa Darasani katika Nyanda Kavu

Mwalimu wa Dodoma hana haja ya kwenda pwani kutafuta samaki wastahimilio chumvi. Maji ya bwawa la Hombolo yana chumvichumvi, na perege huishi humo. Perege wadogo wawili, pamoja na maji yao wenyewe, wanatosha tangi la kioo la lita 40.

Wanafunzi hupenda mno kulisha, na hapo ndipo samaki wengi huponzeka. Chakula kisicholiwa huoza, kikapunguza oksijeni majini na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Hivyo pawe na mlishaji mmoja kwa siku. Atie pumba laini, kiasi cha kumalizwa kwa dakika chache, na mabaki yaondolewe. Samaki akipanda juu kutweta, asipewe chakula, bali abadilishiwe sehemu ya maji.

Jambo la pili lina somo kubwa zaidi. Upepo na ukavu wa nyanda hizi hupunguza maji upesi, lakini chumvi haiondoki na mvuke. Ukijazia maji ya bwawani, chumvi itazidi kila juma. Wanafunzi wachore mstari kwenye kioo, wajazie maji ya mvua hadi hapo, na waulizwe chumvi imebaki wapi kabla hujawaeleza.