Somo: Mtaalamu Aseme, Mlaji Aelewe

Madhumuni ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:
(a) kutambua maelezo ya kitaalamu yaliyo wazi na yale yaliyofumbwa;
(b) kueleza maana ya vipimo vinavyotajwa kuhusu usalama wa chakula;
(c) kumwuliza mtaalamu maswali yatakayompa jibu la kutendea kazi.

Utangulizi

Haki ya kupewa taarifa ni miongoni mwa haki za msingi za mlaji. Hata hivyo, taarifa isiyoeleweka haina tofauti kubwa na taarifa isiyotolewa. Mtaalamu anaweza kusema kweli tupu mbele ya mkutano wa kijiji, naye msikilizaji akarudi nyumbani asijue la kufanya na gunia lake la mahindi. Katika hali hiyo ukweli umesemwa, lakini haujafika.

Tuchukue mfano wa sumukuvu, kwa kuwa unamgusa kila anayekula ugali na karanga, wilayani Maswa na kwingineko nchini.

Sumukuvu ni nini, na kwa nini jambo hili ni zito

Sumukuvu ni sumu inayozalishwa na kuvu za jamii ya Aspergillus, ambazo huota kwenye mahindi, karanga, mbegu za pamba na nafaka nyinginezo. Jina la kisayansi la sumu hiyo ni aflatoksini. Neno “sumukuvu” lenyewe ni mfano wa mawasiliano mema: sumu itokayo kwa kuvu. Anayelisikia kwa mara ya kwanza huwa amekwisha kupata nusu ya maelezo.

Mwaka 2016 watu waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wakiwa na dalili za kuumwa tumbo, kutapika na macho kuwa ya manjano. Uchunguzi ulibaini kuwa walikuwa wamekula mahindi yenye sumukuvu nyingi. Waliorekodiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Nchini Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa sababu hiyohiyo. Aidha, anayekula kiasi kidogo kwa miaka mingi yumo katika hatari ya kupata saratani ya ini, ingawa hahisi lolote leo.

Sumu hii haina harufu wala ladha ya kuitambulisha. Kupika kwa kawaida hakuiondoi. Mlaji hawezi kujikinga kwa macho na ulimi peke yake. Anategemea maneno ya mtaalamu. Ndiyo sababu maneno hayo hayana budi kuwa wazi.

Habari moja, wasikilizaji wanne

Kiwango cha Afrika Mashariki kinaelekeza kuwa mahindi ya kuliwa yasizidi mikrogramu 10 za jumla ya sumukuvu kwa kilo moja. Kwa mwanasayansi mwenzake, mtaalamu akishasema hivyo na kueleza namna alivyopima, amemaliza. Kwa wengine bado hajaanza.

Kwa madiwani na watendaji, swali ni la uamuzi: wangapi wamo hatarini, hatua ipi ichukuliwe kwanza, na itagharimu nini? Hapo mtaalamu aanze na hitimisho, kisha atoe sababu.

Kwa mfanyabiashara na mwenye mashine ya kusaga, swali ni la mzigo: upimwe wapi, na ukizidi kiwango ufanyweje? Tangu mwaka 2019 jukumu la usalama wa chakula Tanzania Bara liko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mtaalamu ataje jambo hilo waziwazi ili mfanyabiashara ajue mlango wa kubisha.

Kwa mkulima na mfugaji, swali ni la kazi za mikono: kuvuna, kuanika na kuhifadhi. Katika eneo la pamba kama Maswa, mfugaji aambiwe pia kwamba mashudu na pumba zenye kuvu si lishe salama, kwa kuwa ng'ombe akila sumukuvu, sehemu ya sumu hiyo hutokea katika maziwa.

Kwa mama anayemkorogea mtoto uji, swali ni moja tu: “Unga huu nimpe, nisimpe?” Mtaalamu asiyeweza kulikaribia swali hilo hajamfikia msikilizaji wake. Vilevile akumbuke kuwa wapo wazee wanaoelewa Kisukuma vizuri zaidi kuliko Kiswahili. Kupata mkalimani anayeaminika ni sehemu ya kazi yake.

Kuifanya namba ionekane

Mikrogramu haionekani, lakini inaweza kuelezwa. Mikrogramu 10 kwa kilo, katika gunia la kilo 100, ni mikrogramu 1,000, yaani miligramu moja. Sasa chukua kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ambacho hubeba takriban gramu 5. Kigawanye mafungu 5,000 yaliyo sawa. Fungu moja ndilo miligramu moja. Sumukuvu ya kiasi hicho ikienea katika gunia zima, gunia limefikia ukomo unaoruhusiwa.

Kadhalika unyevu. Kiwango cha mahindi makavu ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kaya nyingi hazina kipimo, lakini lipo jaribio jepesi la chumvi na chupa. Tia mahindi katika chupa kavu ya kioo hadi theluthi moja. Ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha acha itulie dakika 15. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, unyevu umezidi takriban asilimia 15. Mahindi yarudishwe juani. Isipogandia, unyevu umeshuka chini ya hapo, lakini hilo si uthibitisho kuwa umefika 13.5. Ni busara kuendelea kuanika. Mtaalamu mwaminifu hutaja kipimo kinachoweza kuthibitisha jambo na kile kisichoweza.

Maneno ya kawaida yenye maana maalumu

Wakati mwingine kinachopotosha ni neno tunalodhani tunalijua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotabiri mvua za “chini ya wastani”, humaanisha pungufu ya asilimia 75 ya wastani wa muda mrefu. “Wastani” ni kati ya asilimia 75 na 125. Hivyo, kama wastani wa mahali ni milimita 100, “chini ya wastani” ni pungufu ya milimita 75. Haina maana kwamba mvua haitanyesha. Taarifa hiyo inamhusu hata mlaji, maana mahindi yaliyoteswa na ukame shambani hushambuliwa zaidi na kuvu zenye sumu.

Neno jingine ni “haikuonekana”. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya gunia: konzi moja huweza kuwa safi, na nyingine ikawa na sumu nyingi. Kwa hiyo sampuli huchotwa sehemu nyingi na kuchanganywa kabla ya kupimwa. Mtu akisema “tumepima, haikuonekana”, mlaji aulize: mlichota wapi, na mara ngapi?

Kutotisha, kutobembeleza

Kusema “mahindi yote ni sumu” ni kuwatia watu hofu ya bure, na mtu mwenye njaa hataacha kula. Kusema “msiwe na wasiwasi” bila sababu ni kuwapumbaza. Njia ya haki ni kutaja hatari, kisha hatua iliyo ndani ya uwezo wa msikilizaji:
1. Anika juu ya turubai au kichanja, wala si juu ya udongo.
2. Chambua na uondoe punje na karanga zilizoota kuvu, zilizosinyaa au kubadilika rangi. Usimuuzie mwingine ulichokikataa wewe.
3. Hifadhi mahali pakavu, gunia likiwa juu ya mbao, au katika mifuko isiyopitisha hewa baada ya mahindi kukauka vizuri.
4. Fahamu kuwa kukoboa hupunguza sumu, maana sehemu yake kubwa hukaa katika tabaka la nje, lakini hakuimalizi.
5. Changanya vyakula, usimtegemezee mtoto uji wa mahindi na karanga kila siku.

Maswali matano ya kumwuliza mtaalamu

1. Jambo hili lina maana gani kwa chakula kilichomo nyumbani mwangu leo?
2. Namba hiyo ni kubwa au ndogo ikilinganishwa na kiwango kinachoruhusiwa?
3. Mmejuaje? Mmepima wapi na kwa njia ipi?
4. Ni lipi ambalo bado hamna uhakika nalo?
5. Nifanye nini, na nikishindwa niende kwa nani?

Maswali haya si utovu wa adabu. Afisa afya, afisa ugani na afisa biashara wa halmashauri wamewekwa kuyajibu. Mtaalamu akijibu kwa maneno magumu, mwambie kwa heshima: “Naomba unieleze tena kama unavyomweleza mtu wa nyumbani kwako.”

Zoezi

(a) Mweleze jirani yako maana ya mikrogramu 10 kwa kilo bila kutumia neno “mikrogramu”.
(b) Fanya jaribio la chumvi na chupa kwa mahindi ya nyumbani kwako. Andika ulichokiona na hatua utakayochukua.
(c) Kumbuka tangazo la kitaalamu ulilolisikia karibuni katika gulio, kliniki au redio. Je, lilijibu maswali mangapi kati ya yale matano?

Kuuliza si ujinga. Anayeuliza kabla ya unga kufika jikoni anailinda nyumba yake.