Kabla Fundi Hajachimba Msingi: Namna ya Kujenga Zahanati Isiyomwacha Mtu Nje

Kimwani na kwingineko wilayani Muleba, mkoani Kagera, zahanati ya kijiji huanza kwa nguvu za wananchi: mawe, mchanga, maji ya zege na mchango wa kila kaya. Mara nyingi halmashauri huja baadaye kusaidia kumalizia boma, na ramani huletwa ikiwa imeshachorwa. Hata hivyo, kamati ya ujenzi hubakiwa na mengi ya kuamua, na humo ndimo haki inapopatikana au kupotea. Fanyeni haya.

1. Anzeni na wanaotaabika zaidi. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa lazima, lakini wapo wasiosema mbele ya umati. Kaeni kando na wanawake waliojifungua karibuni, wazee, watu wenye ulemavu na wanaowauguza. Ulizeni mambo ya hakika: mvua kubwa ikinyesha mnapita njia ipi? Anayemsindikiza mjamzito usiku analala wapi? Maji ya kuoga mzazi yanatoka wapi, na nani anayateka?

2. Choreni jengo ardhini. Chukueni kamba, vijiti na chokaa, mpime vyumba kwa ukubwa wake halisi, kisha watu wapite ndani. Mwenye kiti mwendo ageuke mlangoni. Mama akae panapowekwa kitanda cha kujifungulia, na mwingine akae kwenye benchi la wagonjwa. Wakionana, sogezeni mlango siku hiyo hiyo. Kung'oa kijiti hakuna gharama. Kuvunja ukuta kuna gharama kubwa.

3. Pimeni njia ya kiti mwendo. Kwa kila sentimita 1 ya kupanda, wekeni sentimita 12 za kwenda mbele. Sakafu ikiinuka sentimita 45, njia iwe na urefu wa mita 5.4. Njia fupi kuliko hapo wengi hawawezi kuipanda bila kusukumwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawapa haki ya kuingia majengo ya umma. Msiichukulie kama hisani.

4. Msiibe nondo kwenye lenta. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu mkoani Kagera, likabomoa nyumba nyingi na kuharibu vibaya shule za sekondari Ihungo na Nyakato. Lenta izunguke kuta zote bila kukatika, na kamati ihesabu nondo kabla zege halijamwagwa.

5. Jifunzeni kwa jirani. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ilifunguliwa mwaka 2011. Wabunifu wake, MASS Design Group, waliweka korido nje ili wagonjwa wasisongamane ndani na kuambukizana kifua kikuu. Kuta zilijengwa kwa mawe ya volkano ya hapo hapo, na wenyeji wakapata ajira na ujuzi. Nanyi wekeni baraza pana la kusubiria, na vijana wa kijiji, wa kike kwa wa kiume, wajifunze kazi kwa fundi.

6. Punguzeni hadharani. Fedha zikipungua, njia ya kiti mwendo na choo cha wanawake ndivyo huachwa kwanza. Kamati isikate kitu kimyakimya. Isome mkutanoni kinachopunguzwa, kiasi kinachookolewa na watu watakaoumia, kisha hao wapewe nafasi ya kujibu kabla kura haijapigwa.