Rejekti ya Avokado, Yai na Nyanya: Somo la Kiamshakinywa

Msimu wa Hass ukifika, asubuhi katika vijiji vingi vya Kandara na Gatanga huanza na mngurumo wa gari la mnunuzi. Kreti hujazwa, matunda hukaguliwa, na yale yenye makovu, yaliyochomwa na jua au madogo kuliko kipimo hutengwa. Huku kwetu tunayaita rejekti. Gari likiondoka, rejekti hubaki chini ya mti, na ndani ya nyumba mtoto anamalizia chai na slesi mbili za mkate mweupe zilizopakwa majarini ya dukani ili akimbilie shule.

Nimekulia katika boma la namna hiyo. Mama aliyagawa maparachichi mafungu mawili, "ya gari" na "ya nyumbani," na yale ya nyumbani kwa kawaida yaliishia shimo la mbolea. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa uanahabari Nairobi, nilikuta mkate wa avokado kwenye menyu ya mkahawa mmoja, kwa bei iliyonifanya nirudishe menyu mezani polepole. Mtindo huo umeenezwa na mikahawa ya Australia. Mpishi Bill Granger wa Sydney hutajwa mara nyingi miongoni mwa waliotangulia kuuweka kwenye menyu, mwaka wa 1993. Hata hivyo, watu wa Mexico, ambako mti wenyewe ulitoka, walikuwa wakila tunda hili na chapati za mahindi karne nyingi kabla yake.

Kinachonisumbua si menyu ya Nairobi. Kinachonisumbua ni kwamba tunauza mafuta mazuri ya mti wetu, kisha tunachukua sehemu ya pesa hizo kwenda kununua mafuta ya mkebe ya kupaka mkate. Ndiyo sababu somo la toleo hili linaanzia kwenye lile fungu lililobaki chini ya mti.

Kwanza tutenganishe rejekti mbili ambazo watu huzichanganya. Tunda lenye kovu la tawi kwenye ganda, au lililo dogo kuliko kipimo cha soko la nje, ni chakula kamili. Mnunuzi amelikataa kwa sura. Ulaya na China, nchi ambayo ilianza kupokea avokado mbichi kutoka Kenya mwaka wa 2022, wanataka matunda yanayolingana kwenye katoni. Mtoto wako hahitaji katoni.

Rejekti ya pili ni tunda lililovunwa kabla halijakomaa. Hilo halifai soko na halifai nyumba. Halilainiki vizuri, hunywea na kuwa kama mpira, na ladha yake ni ya maji. Avokado haiivi ikiwa mtini. Huiva baada ya kuchumwa, lakini sharti iwe imekomaa kwanza. Ndiyo maana katika miaka ya karibuni Mamlaka ya Kilimo na Chakula imekuwa ikisimamisha uvunaji wa kuuza nje kwa muda kuanzia mwisho wa mwaka, jambo ambalo wakulima hulilalamikia na ambalo, kwa maoni yangu, huwaokoa wao wenyewe.

Unaweza kupima ukomavu bila mashine. Chuma tunda moja lenye ukubwa wa wastani, liweke ndani ya nyumba kwa siku 7 hadi 10. Likilainika sawasawa bila kunyauka, wenzake wako tayari. Njia nyingine ni kulipasua na kutazama ngozi nyembamba inayofunika mbegu. Ikiwa bado nene na nyeupe, subiri. Ikiwa imekuwa nyembamba na ya kahawia, vuna.

Tunda lililokomaa ukitaka liive haraka, lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Ndizi hutoa hewa inayoitwa ethilini, nayo huamsha uivaji. Hass ikiiva hugeuka kutoka kijani hadi zambarau iliyokaribia nyeusi. Fuerte hubaki kijani, kwa hivyo ibonyeze taratibu karibu na kikonyo badala ya kungoja rangi. Na tafadhali bonyeza kwa kiganja. Vidole huacha alama ambazo kesho zitakuwa madoa meusi.

Kuhusu faida mwilini, gramu 100 za avokado zina takriban gramu 15 za mafuta, mengi yakiwa ya aina isiyoudhuru moyo, na karibu gramu 7 za nyuzinyuzi. Yai moja huongeza kama gramu 6 za protini. Nyanya ina vitamini C na rangi nyekundu iitwayo laikopini, ambayo mwili huichukua vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta. Hapo ndipo vitu hivi vitatu vinaposaidiana. Chai na mkate mweupe humshibisha mtoto mpaka ngwe ya pili ya masomo, kisha tumbo linaanza kudai. Mlo wenye mafuta, protini na nyuzinyuzi hukaa zaidi.

Sasa twende jikoni. Kwa watu wanne tayarisha slesi 8 za mkate, avokado 2 za wastani zilizoiva, mayai 4, nyanya 2 ngumu kidogo, nusu ya ndimu, chumvi na dania kidogo. Kama unapata mkate wa ngano nzima, ni bora. Soma karatasi yake kwanza, kwa maana mkate kuwa wa kahawia si uthibitisho kwamba ni wa ngano nzima.

Anza na mayai, maana ndiyo yanayochukua muda. Yaweke kwenye sufuria yenye maji baridi, na yakianza kuchemka hesabu dakika 12. Vitabu vingi vya mapishi husema 10 au pungufu, lakini viliandikiwa watu wa nyanda za chini. Sisi tunaoishi milimani, Kangema au sehemu za juu za Mathioya, maji yetu huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100, na yai huchelewa. Kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee, kiini kiwe kigumu kabisa, kwa kuwa yai bichi au la majimaji linaweza kubeba vijidudu vya salmonela. Mayai yakiiva, yatie kwenye maji baridi ili yamenyeke kwa urahisi.

Wakati mayai yapo jikoni, osha nyanya na avokado kwa maji safi yanayotiririka. Ndiyo, avokado pia, hata kama ganda haliliwi. Kisu kinapopita kwenye ganda chafu huingiza uchafu ndani ya nyama ya tunda. Kata nyanya vipande vyembamba, toa mbegu na maji yake, nyunyiza chumvi kidogo na uziache kando. Ukiruka hatua hii, mkate utalowa kabla hujaufikisha mezani.

Pasua avokado kwa urefu, zungusha pande mbili ziachane, kisha toa mbegu kwa kijiko. Usishike tunda mkononi na kuipiga mbegu kwa kisu kama wanavyofanya kwenye video. Kisu huteleza na kuingia kiganjani. Ponda nyama kwa uma, kamulia ndimu, tia chumvi. Ndimu si ladha pekee. Asidi yake huchelewesha weusi unaotokea nyama ya tunda ikikutana na hewa. Imani ya kwamba mbegu ikirudishwa bakulini huzuia weusi haina msingi, kwani mbegu hukinga pale tu ilipogusa.

Mkate uache mpaka mwisho. Huhitaji kifaa cha umeme. Kikaango cha chapati kikavu, moto wa wastani, dakika moja au mbili kila upande hadi ubadilike rangi na kukauka juu. Kama unatumia makaa, subiri moshi uishe na dirisha liwe wazi. Paka avokado mkate ukiwa bado moto, panga nyanya, kata yai juu yake, malizia kwa dania. Mpenda pilipili ajiongezee mwenyewe.

Asiye na mkate asikate tamaa. Chapati iliyobaki jana hufaa, na viazi vitamu vilivyochemshwa vinafaa zaidi. Mimi binafsi, nikipewa nafasi ya kuchagua, nitachukua nduma kabla ya mkate siku yoyote. Mtoto aliyetimiza miezi 6 na kuanza kula vyakula vingine pamoja na maziwa ya mama anaweza kupewa avokado iliyopondwa, bila chumvi na bila ndimu. Chai isogezwe mbele, saa moja hivi baada ya kula, kwa sababu ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma.

Mwenye kisukari apunguze slesi, si avokado. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kliniki yake kwanza, kwani avokado ina potasiamu nyingi, na kwa figo dhaifu hiyo ni hatari.

Mwisho ni maganda na mbegu. Wengi wetu huyatupia kuku na mbuzi tukidhani tunabana matumizi. Majani, maganda na mbegu za avokado vina sumu iitwayo pasini, inayoweza kudhuru moyo wa ndege, na mbuzi nao huathirika. Kuku aliyekupa yai la asubuhi asilipwe hivyo. Vitie kwenye shimo la mbolea lililofunikwa, mbali na banda. Anayetaka kuonyeshwa jinsi ya kupima ukomavu wa matunda yake afike ofisi ya kilimo ya wadi akiwa na tunda moja kutoka kila mti anaotilia shaka, na kuhusu lishe ya watoto amuulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake.